Metorex: kampuni ilikwisha kuuzwa, jina likabaki ku mashini

Ku depo za Kolwezi, mashini ya kupima teneur ya madini watu wanaiita Metorex. Lile ni jina la kampuni ya Finland, yenye ilitoka ndani ya Outokumpu, yenye zamani ilikuwa kampuni ya mine ya shaba. Mwaka 2004 Oxford Instruments ya Uingereza iliinunua. Mwaka 2017 Hitachi ya Japani ikachukua kazi hiyo.

Wenye kampuni walibadilika, lakini namna ya kupima ni ile ile: mionzi inasoma juu ya jiwe, haifike ndani kabisa. Tena maji inashusha namba. Na mwenye kushika mashini ni munuzi. Basi, wachimbaji, mukaushe, musage, muchanganye vizuri mbele ya kupima. Muulize pia: ilirekebishwa lini? Ile namba ndiyo bei ya mufuko wenu.