Mizani Mbili za Geita

Apitaye Rwamgasa, mkoani Geita, wakati mialo ya kuoshea dhahabu imeshika kazi, hukuta jambo ambalo wenyeji wamekwisha kulizoea hata halimshangazi mtu: mbale, yaani mawe yenye dhahabu, zimesagwa karashani, unga wake umeoshwa, zebaki imemiminwa na kufikichwa kwa mikono mitupu mpaka ikaishika dhahabu, kisha donge lile likatiwa motoni, pengine mwaloni, pengine uani pale pale kinapopikwa chakula cha aila. Dhahabu hubaki, zebaki hupaa. Na mvuke wake, usio na rangi wala harufu, humwingia mchimbaji mwenye leseni kama umwingiavyo mtoto aliyebebwa mgongoni mwa mamaye.

Madhara hayo si siri. Mwaka 2003, chini ya mradi wa zebaki uliosimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, matabibu walifika Rwamgasa yenyewe, wakawapima watu, wakaona kwamba waliodhurika zaidi ni wale wachomao. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch likatoa habari za watoto wa machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, ambao huishika zebaki kwa viganja vyao. Na elimu ya tiba yatufahamisha kwamba mvuke huo hutoka mapafuni ukaingia damuni na kufika ubongoni, na kwa mwenye mimba humfikia hata aliye tumboni. Naye mtoto, kwa kuwa ubongo wake ungali ukijengeka, hudhurika kwa kadiri ambayo mtu mzima angeistahimili.

Wala sheria hazikukosekana. Sheria ya Mtoto ya 2009 yakataza kumtia mtoto katika kazi ya hatari. Na Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda iliingia baharini, ikaingia katika samaki, ikawalemaza watoto kabla ya kuzaliwa, uliridhiwa na Tanzania mwaka 2020. Mkataba huo wataka uchomaji wa wazi na ule wa katika makazi ukomeshwe, na wataka serikali ikusanye habari za afya, iwafunze wauguzi, na ieneze hadhari kwa njia ya zahanati.

Hapo kwenye zahanati ndipo ilipo hoja yangu. Ofisi ya madini yamjua mwenye leseni. Soko la madini lililofunguliwa Geita mwaka 2019 lajua uzito wa dhahabu hata chembe. Walakini mtoto avutaye ule mvuke hayumo katika daftari la ofisi hizo. Daftari limjualo ni la kliniki, ambako mama humpeleka akapimwe uzito na kuchanjwa. Basi, muuguzi akiisha kumtoa mtoto mizanini, na aulize: "Mama, nyumbani kwenu dhahabu huchomwa wapi?"

Swali hilo halina gharama, ila lina sharti: lisiwe la kipolisi. Mama akihofu kwamba jibu lake litamtia mumewe mbaroni, atasema haoni moto wowote, na tutakuwa tumepoteza shahidi wa pekee. Jibu na lipelekwe kwa bwana afya, afike pale nyumbani, auhamishe moto mbali na jiko na malazi ya watoto, na awaonyeshe wachomaji kile chombo kilichofunikwa chenye bomba, ambacho huunasa mvuke na kuurudisha zebaki.

Najua wachimbaji wadogo watasema kwamba njaa haingoji mkataba, nao wana haki. Kuiacha zebaki kabisa kwataka mitambo na mtaji. Lakini kuuhamisha moto kwataka hatua chache za miguu tu, na hatua hizo huanza siku ambapo mizani ya kliniki itashughulikiwa kwa makini yale yale ambayo mizani ya sokoni imekwisha kupewa.