KAZI TWATAKA, NA MALI YA KALE TWATAKA

Ndugu Wafanya kazi,

Wako wanaotucheka: "Nyinyi watu wa Kajiado na Kitengela, mambo ya bahari yawahusu nini?" Yanatuhusu. Reli ya Magadi ilimalizika mwaka 1915, na magadi yapita Kajiado kwenda Mombasa. Saruji inasagwa Athi River, jirani na Kitengela tunakolala. Bandari ikijengwa, jasho letu limo.

Sasa twaambiwa tuchague: ama bandari na mshahara, ama magofu na merikebu zilizozama. Huo ni uongo wa kutugawanya.

Tazameni Mombasa. Mwaka 1697 merikebu ya vita ya Wareno, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya Fort Jesus, Waomani walipoizingira ngome. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi na wataalamu walichimbua mabaki yake, na vitu vyake vikawekwa ngomeni watu wavione. Miaka hiyo yote Kilindini ilipakia na kupakua mizigo kama kawaida.

Tazameni na Lamu. Mji wake wa kale uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Bandari mpya ikajengwa, gati ya kwanza ikafunguliwa 2021. Lakini mwaka 2018 Mahkama Kuu ya Malindi ilikata kwamba haki za wenyeji, pamoja na haki ya utamaduni wao, zimevunjwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Haraka haraka haina baraka. Reli ikipinda yanyoshwa. Merikebu ya miaka 300 ikisagwa na mashine haifufuki.

Wala lawama isimwangukie kibarua. Sheria ya Makumbusho ya 2006 yamtaka aonaye kitu cha kale atoe habari. Vema. Lakini kibarua wa kutwa akitoa habari, kazi yasimama, naye arudi nyumbani mikono mitupu. Nani atasema? Atafukia, anyamaze, watoto wapate kula.

Kwa hiyo twataka:

1. Wataalamu waichunguze bahari kabla mashine hazijateremka, na gharama iandikwe katika mkataba.

2. Kazi ikisimamishwa kwa ajili ya kitu cha kale, kila kibarua alipwe siku yake kamili.

3. Atoaye habari asifukuzwe na nyapara wala kontrakta.

Ndugu, lileteni neno hili katika mkutano wa tawi. Si la wasomi peke yao: ashikaye sururu ndiye aonaye kwanza.

Umoja ni nguvu.