Usimwambie mzee kwamba amechelewa kujifunza

Yesu alipomweleza Nikodemo habari ya kuzaliwa mara ya pili, mwalimu yule wa Israeli alishangaa. Akauliza jambo hilo litawezekanaje kwa mtu ambaye tayari ni mzee (Yohana 3:4).

Mpendwa msomaji, swali hilo bado linaulizwa makanisani mwetu, ila kwa maneno mengine. Mama wa miaka 60 akitaka kujifunza kusoma, anaambiwa kichwa chake kimeshachoka. Baba akisema anataka kuacha hasira, jirani anacheka: huyo ndivyo alivyo, habadiliki. Na methali ya kumfungia mlango tunayo tayari: samaki mkunje angali mbichi.

Methali hiyo ina ukweli wake. Mtoto hushika lugha upesi kuliko babu yake, na malezi ya mapema ni msingi. Lakini tunakosea tunapoigeuza kuwa hukumu juu ya mtu mzima. Samaki mkavu hakunjiki kwa sababu amekufa. Mtu aliye hai, ubongo wake bado unafanya kazi.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba ubongo ukishakomaa haubadiliki tena. Leo hawasemi hivyo. Ubongo una mabilioni ya seli zinazopelekeana taarifa. Unapojifunza jambo na kulirudia, mawasiliano kati ya seli zinazohusika huimarika, ukiliacha, hudhoofika. Ni kama njia ya miguu shambani: ikipitwa kila siku hubaki wazi, ikiachwa nyasi huifunika.

Mwaka 2000, watafiti wakiongozwa na Eleanor Maguire walitoa matokeo ya picha za ubongo za madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kukariri maelfu ya mitaa ndipo wapewe leseni. Sehemu moja ya ubongo inayohusika na kukumbuka njia ilikuwa kubwa zaidi kwao kuliko kwa watu waliolinganishwa nao. Mwaka 2010, Stanislas Dehaene na wenzake walichunguza watu wa Brazil na Ureno, wakiwamo waliojifunza kusoma ukubwani. Hata kwa hao, kusoma kulikuwa kumebadilisha namna ubongo unavyoyapokea maandishi.

Lakini hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mwaka 2004, Mzee Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi huko Eldoret, Kenya, akiwa na miaka 84. Alivaa sare na kuketi na watoto wa umri wa vitukuu wake. Sababu yake moja inapaswa kutugusa sisi tunaokwenda ibadani: alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Nasi Tanzania tuna historia yetu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wakulima na akina mama wengi wakashika kalamu kwa mara ya kwanza katika madarasa ya kisomo.

Basi mtu mzima ajifunzeje? Kwanza, kidogo kidogo na kila siku. Dakika 20 kila jioni hufaa kuliko saa tatu za Jumamosi moja. Pili, ajipime: afunge kitabu, ajaribu kukumbuka alichosoma, kisha afungue ahakikishe. Tatu, alale vya kutosha, maana usingizini ubongo huyaimarisha yale uliyoyapokea mchana. Nne, autembeze mwili, kwa kuwa mazoezi huusaidia ubongo pia. Tano, na hili ni letu sote, asichekwe. Mtu mwenye hofu na aibu hujifunza kwa shida, awe na miaka saba au sabini.

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Ubongo haubagui unachoufundisha. Anayesengenya kila jioni anajizoeza kusengenya. Anayejibu kwa ukali kila siku anaipanua njia hiyo, mpaka ukali unakuja wenyewe. Ndiyo maana naona uzito katika wito wa Paulo kwa Wakristo wa Roma kwamba wasifuate namna ya dunia bali wabadilishwe, nia zao zikifanywa upya (Warumi 12:2). Neema ni ya Mungu, hatuifanyii kazi tukailipwa. Lakini aliyetupa neema ndiye aliyetupa na ubongo unaojifunza, na hakuuwekea umri wa kustaafu. Musa alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao (Kutoka 7:7).

Kwa hiyo, mwombee ndugu yako mwenye hasira, kisha mpe na nafasi ya kujizoeza upya. Akikosea tena mwezi wa pili, usiseme tulijua tu. Njia aliyoipita kwa miaka 30 haioti nyasi kwa wiki mbili.

Na leo ibada ikiisha, tazama kulia na kushoto. Katika makanisa yetu wapo wazee wanaoshika kitabu cha nyimbo bila kukisoma, wakiimba wanayoyakumbuka. Wameficha hilo kwa miaka mingi, na wengine hutia dole gumba kwenye hati wasizozielewa. Tunachangia spika na viti vipya. Je, tunashindwa kupata chumba kimoja, ubao, chaki, na mwalimu mstaafu mmoja wa kujitolea mara tatu kwa wiki? Mwulize mchungaji au padri wako swali hilo. Kisha mwendee mzee mmoja kwa heshima, faraghani, umwambie kwamba nafasi yake ipo.

Nakutakia Jumapili njema.