Kanisa Linalojengwa kwa Misimu: Hati, Mikataba na Vibali katika Vigango Vyetu

Katika vigango vya Chinongwe na vijiji jirani vya Ruangwa na Nachingwea, kanisa halijengwi kwa mwaka mmoja. Hujengwa kwa misimu. Ufuta ukiuzwa mnadani katikati ya mwaka, jumuiya huchangia saruji ya msingi. Korosho zikianza kulipwa mwezi Oktoba, boma hupanda hadi linta. Mwaka ambao bei imeanguka au mvua imekataa, kuta husubiri, nyasi humea mahali patakapokuwa altare, na mbuzi hupata kivuli. Miaka minane au kumi kwa kanisa moja si jambo la kushangaza, wala si aibu. Ndivyo maskini wanavyojenga.

Lakini katika miaka hiyo kumi mengi hubadilika. Paroko huhamishwa, pengine mara mbili au tatu. Mwenyekiti wa kigango huzeeka, mweka hazina huhama kufuata kazi mjini, mzee aliyetoa shamba hufariki, na fundi aliyechimba msingi huwa hayupo wakati wa kupaua. Jengo hubaki mikononi mwa watu ambao hawakuwapo lilipoanza. Wakiuliza mpaka wa kiwanja uko wapi, nondo zilizowekwa msingini ni za unene gani, fundi analipwa kiasi gani na amekwisha kulipwa kiasi gani, jibu linaweza kutoka mahali pawili tu: katika kumbukumbu za watu, ambazo hugombana, au katika karatasi, kama ipo.

Suala hili si la vijijini kwetu peke yake. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Ilielezwa hadharani baadaye kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi zile zilizoruhusiwa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, aliyekuwa pia mbunge wa Ruangwa, aliunda kamati ya kuchunguza majengo ya eneo lile. Tarehe 1 Oktoba 2025, huko Arerti nchini Ethiopia, jukwaa la mirunda lililosimamishwa ndani ya kanisa la Kiorthodoksi lililokuwa bado likijengwa lilianguka juu ya waamini waliokusanyika kwa sikukuu ya Bikira Maria. Waliokufa walizidi 30. Na kwa jirani zetu wa Rwanda, serikali ilifunga makanisa zaidi ya 700 mjini Kigali mwaka 2018 kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele, kisha mwaka 2024 ikafunga maelfu ya nyumba za ibada nchini kote. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya ukali wa hatua hizo. Hawezi kusema kwamba swali lililoulizwa, yaani kama jengo ni salama kwa mtu anayepiga magoti ndani yake, halikustahili kuulizwa.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na anakataa kabisa wazo kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Nasi tusiwatafutie marehemu dhambi. Lakini maneno hayo hayamwondolei aliyejenga mnara wajibu wake.

Mama Kanisa hakungoja serikali imfundishe jambo hili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1215, inaagiza kwamba kanisa lisijengwe bila ridhaa ya Askofu wa jimbo iliyo wazi na ya maandishi, na Askofu naye asiitoe kabla ya kusikiliza baraza la mapadre na viongozi wa makanisa jirani, na kabla ya kuridhika kwamba njia za kulijenga na za kuendeshea ibada hazitakosekana. Kanuni inayofuata inadai ushauri wa wataalamu. Kanuni ya 1290 inazipokea sheria za nchi kuhusu mikataba ziwe na nguvu hata ndani ya Kanisa. Nayo ya 1284, ambayo ingefaa ibandikwe katika kila ofisi ya parokia, inawataka wasimamizi wa mali walinde umiliki kwa njia zinazotambuliwa na sheria za nchi, wajihadhari Kanisa lisipate hasara kwa kutozifuata, na watunze hati katika nyaraka zilizopangwa. Kwa hiyo anayesema kwamba vibali ni mambo ya serikali na sisi tunajenga nyumba ya Mungu, anaikana sheria mbili kwa pamoja.

Tuanze na ardhi, kwa maana huko ndiko kwenye hatari kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Desturi ya kwetu ni kwamba mzee mwenye imani anasimama baada ya Misa na kusema, "Ninatoa sehemu ya shamba langu." Watu wanapiga vigelegele, mipaka inaonyeshwa kwa mwembe na kichuguu, na kazi inaanza. Sadaka hiyo ni ya kweli. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Pasipo muhtasari wa mkutano huo, wenye tarehe, mahudhurio, saini na mhuri, kigango kimejenga juu ya vigelegele.

Kisha tujiulize ni nani atakayekuja kudai. Watu wengi hudhani ni watoto wa marehemu. Kusini huku, ambako Wamwera, Wamakonde na Wayao wamehesabu ukoo kwa upande wa mama, anaweza kuja mpwa, akiwa na wajomba na dada wa marehemu nyuma yake, na kwa mila yake ana hoja. Tena kuna mikorosho. Mara nyingi ardhi ni ya mmoja na mikorosho iliyo juu yake ilipandwa na mwingine, naye huvuna kila mwaka bila mtu kumuuliza. Hati ya kutoa kiwanja isiyotaja miti ni ya nani, na itakatwa au itaachwa, imeacha mlango wa ugomvi wazi. Ni busara basi mtoaji aweke saini akiwa hai na mwenye akili timamu, pamoja na mwenzi wake, watoto wake wakubwa na wakubwa wa ukoo, mbele ya uongozi wa kijiji. Wengine huona haya kumwomba mfadhili saini, kana kwamba ni kumshuku. Ni kumlinda: sadaka yake isije ikageuka kesi ya wajukuu.

Na hati iandikwe kwa jina la nani? Si la paroko, ambaye atahamishwa. Si la katekista, ambaye warithi wake hawatajua tofauti kati ya mali yake na ya Kanisa. Wala si la kigango, kwa kuwa kigango hakina utu mbele ya sheria za nchi. Mali ya namna hii hushikwa na wadhamini waliosajiliwa wa jimbo, chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318. Jambo hili linaonekana la mbali mpaka siku mthamini anapokuja kijijini. Ruangwa ya leo ni wilaya ya madini ya kinywe, na pale mradi au barabara inapopita, fidia hulipwa kwa jina lililoandikwa.

Baada ya ardhi ni kibali cha ujenzi. Nehemia alipotaka kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu hakuondoka na shauku peke yake. Alimwomba mfalme barua kwa maliwali wa njiani, na nyingine kwa mtunza msitu ili apewe miti. Kwetu barua hizo ni kibali kutoka halmashauri ya wilaya, kinachoombwa kwa michoro ya msanifu na ya mhandisi waliosajiliwa na bodi zao, pamoja na uthibitisho wa umiliki wa kiwanja. Hapo ndipo vigango vingi hukwama, kwa sababu ya gharama, na malalamiko hayo ni ya haki. Kigango cha familia 60 hakiwezi kumlipa msanifu kama kampuni ya mjini. Kwa maoni yangu jibu liko katika ngazi ya jimbo: michoro miwili au mitatu ya makanisa ya kigango, ya ukubwa tofauti, ilipiwe mara moja na kutumiwa na wengi. Lakini mhandisi akague kila kiwanja, kwa maana udongo haufanani. Ule mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika hauwezi kubeba msingi uleule unaofaa kwenye kichanga.

Sasa fundi. Mapatano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali katika nchi yetu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai maandishi kwa kila jambo. Tatizo ni kuyathibitisha. Fundi anasema walikubaliana milioni tatu hadi kuezeka, kamati inasema hadi lipu, na paroko aliyekuwapo sasa yuko parokia nyingine. Kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida zingetosha: kazi ni ipi na kwa mchoro upi, nani ananunua vifaa, zege la msingi na linta lichanganywe kwa kipimo gani, malipo yatolewe baada ya hatua ipi kukaguliwa, na sehemu gani ya fedha izuiliwe mpaka jengo lipitie masika moja. Paa halijulikani kiangazi.

Ni lazima niseme pia upande ambao sisi waamini hatupendi kuusikia. Mara nyingi anayedhulumiwa si kigango bali ni fundi. Michango ikichelewa, yeye ndiye anayeambiwa avumilie kwa kuwa ni kazi ya Mungu, hali nyumbani kwake hakuna unga. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema maneno makali juu ya ujira uliozuiliwa. Mkataba unaosema wazi kwamba kazi itasimama mchango ukiisha, na kwamba fundi atalipwa kwa kile alichokwisha kufanya, ni haki yake kama ulivyo haki yetu.

Wapo wanaojibu kwamba watu wa vijijini hawajazoea makaratasi. Si kweli. Shule zetu na zahanati zimejengwa miaka hii kwa utaratibu wa force akaunti, na ndani yake wanakijiji wenyewe wamekuwa katika kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Mama yuleyule anayehesabu mifuko ya saruji ya darasa, akakataa kusaini mpaka idadi itimie, Jumapili huona saruji ya kanisa ikishushwa bila mtu kuandika kitu. Utaratibu huo wa serikali nao una dosari zake, na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hazikuzificha. Ila wazo la kwamba anayenunua asiwe ndiye anayepokea, tunaweza kuliazima kesho asubuhi bila kulipa senti.

Nachingwea yenyewe inatukumbusha upande wa pili. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulikuwa na karatasi tele. Uliidhinishwa London baada ya ujumbe wa wataalamu kuzunguka kwa wiki chache tu mwaka 1946. Reli ilijengwa kuja Nachingwea kutoka pwani, na bandari ya Mtwara ikachimbwa, kwa ajili ya mavuno ambayo hayakuja. Hasara ilihesabiwa kuwa paundi milioni 36 hivi, na reli yenyewe iling'olewa katika miaka ya 1960. Karatasi ziliandikwa kabla ya kuijua mvua na udongo. Kwa hiyo muhtasari uliosainiwa na watu ambao hawakuhudhuria, au makadirio yaliyonakiliwa kutoka parokia nyingine bila mtu kukanyaga kiwanja, hayana faida kuliko kutokuwa nayo kabisa; afadhali asiye na karatasi, maana anajua kwamba hana.

Limebaki jambo dogo ambalo watu hulidharau, nalo ni mahali pa kuziweka. Nilipokuwa katika kamati ya kigango kimoja, tulitafuta daftari la michango ya miaka sita. Tulilikuta kabatini katika sakristia, jalada likiwa zima na ndani yake udongo mtupu. Mchwa walikuwa wamekula majina yote. Wazee watatu waliapa kuwa wamemaliza ahadi zao. Hatukuwa na la kuwajibu, tukawafutia deni.

Yeremia, sura ya 32, aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha huku mji ukiwa umezingirwa na jeshi, aliandika hati, akaweka mashahidi, akawa na nakala mbili, moja iliyotiwa mhuri na moja ya wazi, akaagiza zitiwe katika chombo cha udongo zipate kudumu. Kwetu chombo hicho ni sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, na nakala ya pili iko Lindi, katika ofisi ya jimbo. Korosho zitaanza kulipwa Oktoba. Kigango kinachotaka kupandisha boma msimu huu bado kina muda wa kuomba mkutano mkuu wa kijiji.