Mikono ya Wanawake Watatu

Mpendwa mama, kila tunapovaa glovu ili kumhudumia mzazi, tunamkumbuka muuguzi mwenzetu, Caroline Hampton. Alifanya kazi chumba cha upasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1889. Dawa ya kuua vijidudu ilimchubua mikono vibaya. Daktari mpasuaji William Halsted akaagiza atengenezewe glovu nyembamba za mpira. Mwaka 1890 wakaoana.

Hospitali hiyo ni pacha wa chuo kikuu binafsi chenye jina hilo hilo. Mfanyabiashara Johns Hopkins alipofariki mwaka 1873 aliacha dola milioni 7 zigawanywe kati ya hospitali na chuo. Chuo kilianza mwaka 1876, nacho huhesabiwa kuwa cha kwanza Marekani kuanzishwa kwa ajili ya utafiti. Mwalimu hakutakiwa kufundisha tu yaliyokwisha kujulikana, bali kutafuta mapya pamoja na wanafunzi wake.

Lakini fedha za kufungulia shule ya udaktari hazikutosha. Mary Elizabeth Garrett na rafiki zake wakachangisha, na yeye mwenyewe akatoa zaidi ya dola 300,000, kwa sharti kwamba wanawake wapokewe sawasawa na wanaume. Wakubwa wakakubali shingo upande. Mwaka 1893 shule ilianza na wanafunzi 18, watatu kati yao wanawake.

Hao wawili tunawataja kwa furaha. Wa tatu tunamtaja kwa huzuni. Henrietta Lacks, mama Mweusi wa watoto watano, alitibiwa hapo saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1951. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa. Alifariki mwaka huo huo akiwa na miaka 31, lakini seli hizo zinaishi maabara hadi leo, na zilisaidia katika kujaribu chanjo ya polio. Familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua.

Jambo hili linatugusa sisi wauguzi. Ni mara ngapi tumemtoa mama damu bila kumweleza ni ya kipimo gani? Elimu ni baraka, lakini mgonjwa naye ni mtu.

Basi mama, ukienda kliniki usione haya kuuliza, "Dada, kipimo hiki ni cha nini?" Ni haki yako kujibiwa. Na binti yako akisema anataka kuwa daktari, usimwambie hiyo ni kazi ya kaka yake.