Chombo Kinunuliwe, Kazi Ilipwe

Treni ya TAZARA itokapo Mlimba na kuanza kupanda kwenda Makambako hupita Uchindile, katika kipande kigumu kuliko vyote vya reli hiyo yenye urefu wa kilometa 1,860. Huko wafanyakazi wa Tanzania, Zambia na China walitoboa milima na kujenga madaraja katika kazi iliyofanyika kati ya mwaka 1970 na 1975. Reli ilijengwa kwa mkopo wa China usiokuwa na riba, ikawa mali ya Tanzania na Zambia. Lakini kuimiliki hakukumaliza gharama. Mvua hubomoa kingo za milima, mataruma huchakaa, na fedha za matengenezo huhitajika kila mwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, hakuna fundi awezaye kuing'oa reli kwa sababu malipo ya mwezi fulani yamechelewa.

Somo hilo lafaa likumbukwe wakati huu ambapo shule, zahanati na vyama vya msingi vya ushirika vinanunua programu za kompyuta za kutunzia matokeo ya mitihani, hesabu za dawa na uzito wa mazao ya wanachama. Baadhi ya programu hizo ni kazi ya vijana wa Kitanzania waliojiajiri wenyewe. Bei zao huwa za namna mbili: malipo ya mara moja, au ada ya kila mwezi. Ubishi juu ya namna ipi ni ya haki umeenea duniani, hasa tangu mwaka 2013, kampuni ya Adobe ya Marekani ilipotangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za usanifu yatapatikana kwa ada tu.

Mfano mmoja watosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Shule ya kata ikiambiwa ichague kati ya kulipa shilingi 600,000 mara moja na kulipa shilingi 25,000 kila mwezi, njia ya pili huonekana nafuu. Miezi 24 ikitimia, malipo yamelingana. Miaka mitano ikitimia, shule imelipa shilingi 1,500,000, na bado haina kitu kilicho chake. Mkulima wa Kilombero anayelima mpunga kwa kutegemea mvua hupata fedha mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Kumdai yeye na ushirika wake kila mwisho wa mwezi ni kumpimia kwa kipimo cha mtu wa mshahara.

Hatari kubwa zaidi ni kufuli. Ada isipolipwa, programu nyingi za namna hiyo hufungwa, na kumbukumbu za wanafunzi wa miaka minne hubaki ndani. Hapo mteja halipi tena kwa hiari. Analipa ili asipoteze kilicho chake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwafundisha wananchi kutambua unyonyaji wa namna hiyo.

Lakini haki ina pande mbili. Walimu wa sekondari wanakumbuka kwamba mwaka 2014 upangaji wa matokeo ya kidato cha nne uliacha madaraja ukafuata wastani wa pointi, na kwamba mwaka 2016 Serikali iliagiza madaraja yarudishwe. Programu yoyote ya kukokotoa matokeo ilipaswa kubadilishwa mara mbili. Nani alipaswa kulipia kazi hiyo? Kijana aliyelipwa mara moja tu hana budi kutafuta mteja mpya kila siku, na mteja wa zamani husahauliwa. Aidha, programu inayotumiwa kwa njia ya intaneti hukaa kwenye kompyuta zinazokodishwa, na kodi hiyo hailipwi mara moja ikaisha.

Tena kuna dhambi ya wateja. Mwalimu anayemfundisha kijana hisabati, kisha akanakili bure programu ya kijana huyo huyo na kuwagawia wenzake, anakula jasho la mwingine. Ujamaa haukuwa na maana ya kazi isiyo na ujira.

Njia iliyo sawa ni kutenganisha chombo na kazi. Kwanza, programu inunuliwe kwa bei moja inayojulikana, nayo iwe mali ya mnunuzi kuitumia bila kikomo. Pili, marekebisho, mafunzo na utunzaji wa nakala za akiba vilipiwe ada ya mwaka iliyoandikwa waziwazi, shule ikilipa kwa mujibu wa bajeti yake na ushirika ukilipa baada ya mavuno. Tatu, malipo yakikoma, huduma ikome, lakini programu iendelee kufanya kazi kama ilivyo, na taarifa zote zikabidhiwe kwa namna inayoweza kusomwa na programu nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imewapa wajibu wote wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Mkuu wa shule hawezi kuutimiza iwapo taarifa za watoto zimeshikwa rehani na muuzaji.

Watumishi wa umma ndio wanaotia saini mikataba hii. Ni wajibu wao kuisoma mpaka mwisho, na wasiishie kuuliza bei ya siku ya kwanza. Waulize pia itakuwaje siku ambayo fedha zitakosekana. Mtengenezaji mwaminifu atalijibu swali hilo bila kusita, naye anastahili kulipwa kikamilifu na kwa wakati, kama anavyostahili fundi wa reli anayezibua mifereji milimani Uchindile ili treni ya kesho ipite.