Unabii wa kale si ramani ya vita vya leo

Vita vya siku kumi na mbili baina ya Israel na Iran, vilivyoanza tarehe 13 Juni 2025, vilipiganwa kwa makombora na ndege. Katika mabaraza yetu, na katika simu za mkononi ambazo siku hizi huingiza hotuba za wahubiri wa mbali hadi ndani ya nyumba za Makunduchi na Konde, vilipiganwa pia kwa aya. Ilisemwa kwamba Iran ndiyo Uajemi uliotajwa na nabii Ezekieli. Kwamba Urusi, iliyoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, ndiyo Gogu. Na kwamba yote haya yaliandikwa tangu zamani, basi hapana wa kulaumiwa wala wa kuyazuia. Mhubiri wa Kimarekani Pat Robertson, aliyefariki mwaka 2023, alitamka hadharani siku chache baada ya vita vya Ukraine kuanza kwamba Mungu ndiye aliyekuwa akimsukuma Rais Putin.

Tunaona ni wajibu wetu kulijadili jambo hili, kwa heshima kamili kwa vitabu vitakatifu na kwa wenye kuviamini. Hatukusudii kubishana na utume wa nabii yeyote. Swali letu ni moja: je, majina ya mataifa waliyoyataja manabii wa kale yanaweza kubandikwa juu ya dola za leo, na zaidi ya hapo, yakafanywa hoja ya siasa ya nchi?

Na tuanze na Ezekieli mwenyewe. Huyu alikuwa kuhani aliyechukuliwa mateka hadi Babeli mwaka 597 K.K., wakati wa Nebukadneza, akahubiri huko kati ya wenzake waliohamishwa kwa nguvu. Katika sura ya 38 na ya 39 ya kitabu chake anamtaja Gogu wa nchi ya Magogu, mkuu wa Mesheki na Tubali, atakayekuja na majeshi ya Uajemi, Kushi, Puti na wengineo. Wanaotaka kuiona Urusi humo husema Mesheki ni Moscow na Tubali ni Tobolsk, mji ulioko Siberia. Ushahidi wao ni mfanano wa sauti tu. Mji wa Moscow unatajwa kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za mwaka 1147 baada ya Kristo, na Tobolsk ulianzishwa mwaka 1587. Mesheki na Tubali, kwa upande wao, wanajulikana vizuri kutokana na maandishi ya wafalme wa Ashuru, nao walikaa katika nchi iitwayo leo Uturuki. Ezekieli mwenyewe, katika sura ya 27, anawataja kuwa wafanyabiashara waliopeleka watumwa na vyombo vya shaba katika soko la Tiro. Walikuwa watu wa zama zake, na wasikilizaji wake waliwafahamu kama wazee wetu walivyowafahamu wenye majahazi ya Kutch na Sur.

Liko na neno jingine, nalo ni rosh. Baadhi ya tafsiri zimelifanya kuwa jina la nchi, na wenye haraka wakasoma humo Urusi. Kwa Kiebrania maana yake ya kawaida ni kichwa au mkuu. Yeyote aliyepita chuoni anajua kwamba kwa Kiarabu ni ra's, na ndiyo asili ya neno letu rasi. Kama rosh ni Urusi, basi hata Ras Nungwi itakuwa na ubalozi wake Moscow.

Kosa hili halikuanza jana, wala si la Wakristo peke yao. Katika karne ya 1 Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, alisema Magogu ni Waskiti. Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, alisema Gogu ni Wagothi, waliokuwa wakiihangaisha Roma. Karne ya 13 ikawa zamu ya Wamongoli, na karne ya 16 Luther akawaona Waturuki. Sisi Waislamu tunao Yajuju na Majuju katika Sura ya Al-Kahf na ya Al-Anbiyaa, na wa kwetu nao hawakukaa kimya: Khalifa al-Wathiq, katika karne ya 9, alimtuma mkalimani wake Sallam kwenda kuutafuta ukuta wa Dhulqarnain, na walipokuja Wamongoli wako waliosema ndio hao. Msomaji atagundua kwamba kila zama Gogu alikuwa ni adui yule yule aliyekwisha kufika mlangoni. Augustino, ambaye hakuwa mtu wa kudharau maandiko, alikataa katika karne ya 5 kumfunga Gogu kwa taifa lolote moja.

Karne ya 20 ilipuuza onyo hilo. Mwaka 1970 Mmarekani Hal Lindsey alitoa kitabu kilichouzwa kwa mamilioni, The Late Great Planet Earth. Urusi ilikuwa Gogu. Soko la Pamoja la Ulaya lilikuwa ule ufalme wa pembe kumi wa kitabu cha Danieli. Na kwa kuhesabu miaka kama arobaini tangu kuundwa kwa Israel mwaka 1948, msomaji aliachwa aamini kuwa mambo yangekamilika karibu na mwaka 1988. Soko la Ulaya lilifikisha wanachama kumi mwaka 1981 ilipoingia Ugiriki, na kwa muda wa miaka mitano hesabu ikaonekana tamu. Mwaka 1986 wakaingia Uhispania na Ureno, wakawa kumi na wawili. Mwaka 1988 ukapita. Mwaka 1991 Urusi ya Kisovieti ikavunjika bila ya kushuka milima ya Israel.

Tungeweza kuyacheka haya na kuendelea na shughuli zetu, lau yangebakia vitabuni. James Mills, aliyekuwa kiongozi katika Seneti ya jimbo la California, aliandika baadaye kwamba mwaka 1971 Gavana wa jimbo hilo, Ronald Reagan, alimweleza mezani kuwa mwelekeo wa Libya ulikuwa dalili ya kutimia kwa Ezekieli. Miaka kumi baadaye gavana huyo alikuwa Rais mwenye silaha za nyuklia mkononi. Alipoulizwa katika mdahalo wa mwaka 1984 alijibu kwamba hapana ajuaye siku ya Armagedoni, na kwamba hakupanga jambo lolote kwa kuifuata. Na tulipokee jibu lake. Hata hivyo, Profesa Thomas Römer wa Lausanne, bingwa wa Agano la Kale, ameeleza kwamba ilipokuwa vita vya Iraq vinaandaliwa mwaka 2003, Ikulu ya Ufaransa ilimtaka aeleze Gogu na Magogu ni nani, kwa kuwa Rais Bush alikuwa amewataja kwa Rais Chirac. Dola kubwa ya Ulaya inatafuta mwalimu wa Kiebrania ili ijue kwa nini itakiwe kupeleka askari!

Ubandikaji huu una faida kwa mtu. Uingereza ilipokuwa bwana wa bahari walikuwako Waingereza waliodai kuwa wao ni uzao wa kabila la Efraimu, na kwamba malango ya adui zao waliyoahidiwa kizazi cha Ibrahimu ndiyo Gibraltar, Suez na bandari nyinginezo. Himaya iliyotufanya sisi nchi lindwa mwaka 1890 ikapewa hati ya Mwenyezi Mungu. Mmarekani Herbert Armstrong aliyaeneza mafundisho hayo dunia nzima kwa magazeti ya bure. Baada ya kufa kwake mwaka 1986, kanisa lake lenyewe liliyachunguza na kuyaacha.

Baya zaidi ni lile la laana ya Nuhu. Sura ya 9 ya Mwanzo inamlaani Kanaani, si Hamu, wala haitaji rangi ya mtu. Lakini kwa karne nyingi laana hiyo iliwekwa juu ya kichwa cha Mwafrika ili utumwa uonekane ni hukumu ya Mungu. Na kwa kuwa tunasema kweli, tuiseme yote: wako waandishi wa Kiislamu walioikariri hadithi hiyo, hadi Ibn Khaldun katika karne ya 14 akaikataa na kueleza kwamba rangi ya watu inatokana na hali ya nchi wanamokaa. Visiwa hivi, ambavyo soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873, vinajua kilichonunuliwa na kuuzwa kwa kutumia aya iliyosomwa vibaya.

Itasemwa kwamba Waafrika nao walijisomea unabii. Ni kweli. Zaburi ya 68, inayosema juu ya Kushi kumwinulia Mungu mikono, iliwapa moyo watu waliokandamizwa. Mangena Mokone aliliita kanisa alilolianzisha Pretoria mwaka 1892 Kanisa la Ethiopia, na ushindi wa Menelik kule Adwa mwaka 1896 uliwazidishia imani. Kushi ya kale ilikuwa Nubia, katika Sudan ya leo, wala si dola ya Addis Ababa. Lakini mtumwa anayepata tumaini katika zaburi hakudai ardhi ya jirani yake. Hapo tunaona tofauti, na hatuoni haya kuisema.

Manabii wenyewe walifanya kazi gani? Yunus alitumwa kwa watu wa Ninawi na onyo la maangamizi. Watu wakatubu, na maangamizi hayakuja. Kisa hicho kimo katika Biblia na kimetajwa katika Kurani. Yeremia, katika sura ya 18, anaieleza kanuni yenyewe: taifa lililotangaziwa kuvunjwa likigeuka, hukumu hugeuka, na lililoahidiwa mema likiasi, mema huondoka. Unabii basi ulikuwa onyo kwa watu walio hai, wenye uwezo wa kubadilika. Ratiba ya garimoshi haibadiliki kwa toba ya abiria.

Na yupo Amosi, mchungaji wa Tekoa. Anaanza kwa kuwashitaki majirani: Dameski kwa ukatili wake katika Gileadi, Gaza kwa kuteka watu wa miji mizima na kuwauza Edomu, Amoni kwa kuwapasua wanawake wajawazito ili kupanua mipaka. Tunaweza kuwaona wasikilizaji wake wakishangilia. Kisha anageuka na kuwashitaki Yuda na Israeli, watu wake mwenyewe, kwa kuuza maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Majina katika orodha hiyo yamepita pamoja na wenyewe. Mashitaka hayajapita, na hayana taifa lililosamehewa mapema.

Ndiyo maana tulishituka, tarehe 28 Oktoba 2023, Waziri Mkuu Netanyahu alipowakumbusha wananchi wake Amaleki wakati majeshi yake yakiingia Gaza. Ofisi yake ilisema baadaye kwamba hakukusudia kuangamizwa kwa Wapalestina. Afrika Kusini iliyaweka maneno hayo katika shauri ililolifungua Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 29 Desemba 2023, na tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ikaamuru hatua za kuwalinda raia wa Gaza. Mtoto aliyezaliwa Khan Yunis hana nasaba na kabila lililopigana na Musa jangwani. Akiitwa Amaleki, haki yake inaondolewa kabla kesi haijasikilizwa. Na mwenye bunduki akiitwa mtimizaji wa unabii, lawama yake nayo inaondolewa.

Kwa watumishi wa Serikali tunatoa mfano ulio karibu nasi zaidi. Sura ya 19 ya Isaya inasema juu ya kukauka kwa mto wa Misri, na tangu Ethiopia ianze kujenga bwawa lake kubwa, lililozinduliwa Septemba 2025, wako wanaosema sura hiyo inatimia mbele ya macho yetu. Mto huo unapata maji yake pia katika ziwa letu la Nyanza. Mwaka 1962 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilizijulisha Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika huru haifungwi na makubaliano ya mwaka 1929 yaliyofanywa na mkoloni juu ya maji hayo. Hoja yake ilikuwa ya sheria, nayo ilisimama. Mwaka 2010, kule Entebbe, Tanzania ilitia saini mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde la Nile, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, huku Misri na Sudan zikiwa bado nje. Kuzileta mezani ni kazi ya mabalozi na wahandisi, kwa vipimo vya mvua na vya kina cha maji, na afisa atakayepeleka Isaya katika mkutano huo atakuwa amewapa wa upande wa pili sababu ya kuondoka mapema.